Almasi, Shaba na Akiba: Botswana na Kongo tangu 1966



Mnamo Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ilianguka mjini New York, na kabla mwaka haujaisha msukosuko ulioanzia huko ulikuwa umefika Likasi na Kolwezi. Tani moja ya shaba, iliyokuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 8,000 katikati ya mwaka ule, ilishuka mwezi Desemba hadi karibu dola 3,000. Tanuru zikazimwa, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, na wachimbaji wadogo wakakosa wanunuzi. Mapema mwaka 2009 fedha za kigeni zilizobaki katika Benki Kuu ya nchi yetu hazikutosha kulipia hata bidhaa za wiki moja kutoka nje. Faranga ikashuka, bei zikapanda, na mwezi Machi Shirika la Fedha la Kimataifa likatukopesha kwa haraka kiasi cha dola milioni 195 ili tusizame.

Msukosuko huo huo uliipiga Botswana, na pengine kwa nguvu zaidi, maana almasi ni kitu cha kwanza ambacho tajiri mwenye hofu huacha kununua. Mwanzoni mwa 2009 migodi yake ilisimama kwa majuma kadhaa. Lakini nchi ile, yenye watu wapatao milioni mbili tu, iliingia katika taabu hiyo ikiwa na akiba ya zaidi ya dola bilioni 8. Walimu na wauguzi waliendelea kulipwa. Tena Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaikopesha dola bilioni 1.5, kwani mkopeshaji humwendea kwa furaha yule ambaye tayari ana kitu ghalani. Ndivyo ulimwengu ulivyo.

Nimewasikia vijana, na hata watu wazima, wakieleza tofauti hii kwa neno moja: wale ni watu wa kuweka, sisi ni watu wa kula. Neno hilo silikubali. Historia ya nchi hizi mbili inaonyesha jambo jingine, na ndiyo sababu nimeona vema tuipitie pamoja.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Wachumi wanaposema akiba ya taifa hawazungumzii fedha zilizofungiwa sandukuni. Huchukua pato lote la wananchi katika mwaka, yaani mavuno, mishahara na faida. Huondoa faida ya makampuni ya kigeni inayokwenda kwao. Huongeza fedha ambazo ndugu walioko ng'ambo huwatumia jamaa zao. Kisha hutoa yote ambayo watu na serikali wametumia kwa mahitaji ya mwaka ule. Salio ndilo akiba. Huitwa akiba ghafi kwa sababu uchakavu wa mashine, barabara na majengo haujaondolewa. Hesabu hii ina udhaifu wake, hasa kwetu, ambako sensa ya mwisho ilifanyika mwaka 1984: matumizi ya watu hukadiriwa tu, na salio hubeba makosa yote ya makadirio. Kwa hiyo sitawachosha kwa takwimu za mwaka mmoja mmoja. Mwelekeo unatosha, nao ni mkubwa kiasi kwamba makosa ya hesabu hayawezi kuuficha.

Botswana ilipata uhuru tarehe 30 Septemba 1966, ikiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Ukame ulikuwa umeangamiza mifugo, na mifugo ndiyo ilikuwa mali yake. Barabara za lami hazikufika kilomita ishirini. Bajeti ya serikali haikutosha hata kuwalipa watumishi, na Uingereza ndiyo iliyoziba pengo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Akiba yake, kwa maana tuliyoieleza, ilikuwa chini ya sifuri: nchi ilikula kuliko ilivyozalisha, na tofauti ikalipwa na wafadhili.

Sasa tazameni upande wetu katika mwaka uliofuata. Januari 1967 Union Minière, kampuni kubwa ya shaba ya Katanga, ilitwaliwa na serikali, na baadaye ikajulikana kama Gécamines. Juni 1967 ikaja sarafu mpya, zaire, na zaire moja ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Naam, mbili. Nchi ilikuwa na migodi inayofanya kazi, reli, umeme na viwanda, na zaidi ya nusu ya fedha zake za kigeni zilitoka katika shaba na madini yaliyoambatana nayo. Mtu aliyeulizwa mwaka 1967 ni nchi gani kati ya hizi mbili itakayoikopesha dunia baada ya miaka thelathini, asingetaja Botswana.

Mwaka huo huo wa 1967 mambo mawili yalitukia kule kusini. Wataalamu wa kampuni ya De Beers waligundua mwamba wa almasi mahali paitwapo Orapa. Na bunge likapitisha sheria iliyotoa haki ya madini mikononi mwa makabila na kuiweka mikononi mwa taifa zima. Msilipite jambo hili haraka. Orapa iko katika nchi ya Wangwato, na Rais Seretse Khama alikuwa mwana wa ukoo wa kichifu wa Wangwato wenyewe. Angaliweza kuacha mambo yalivyo, na watu wake wangalikuwa matajiri kuliko wenzao wote. Hakufanya hivyo. Mgodi ulipofunguliwa mwaka 1971, hakukuwa na kabila la kudai kwamba almasi ni zake na wengine ni wageni mezani. Sisi ambao mwezi Julai 1960 tuliona Katanga ikijitenga, na mwezi uliofuata Kasai ya Kusini, yenye almasi, tunajua uzito wa swali hilo.

Hapo mwanzo serikali ya Botswana ilikuwa na sehemu ndogo tu katika kampuni ya almasi, asilimia 15. Ilipobainika kwamba utajiri ule ni mkubwa kuliko ilivyodhaniwa, ilirudi mezani, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa imepata nusu ya hisa, mbali na kodi na mrabaha. Haikuwafukuza wataalamu wala haikutwaa mitambo. Mwaka 1976 ikaacha kutumia randi ya Afrika Kusini na kutoa sarafu yake, ikaiita pula. Kwa Kitswana pula maana yake ni mvua, na katika nchi ya ukame neno hilo ni baraka na salamu pia.

Sisi nasi tuliita jimbo zima Shaba, jina la madini badala ya jina la watu. Sijui kama hilo lilikuwa onyo, lakini mara nyingi nimelifikiria.

Mwanzoni mwa 1974 bei ya shaba ilipanda mno. Hapo ndipo njia zilipotengana, na naomba mniruhusu nikae hapa kidogo. Zaire haikuichukua bei hiyo kama mavuno ya mwaka mmoja mwema. Iliichukua kama mshahara wa kudumu. Mikopo ilikuwa rahisi wakati ule, kwa kuwa benki za Ulaya na Marekani zilijaa fedha zikitafuta wa kuzikopa. Tukakopa. Mradi wa Inga ukapanuliwa, na ukaanzishwa mstari wa umeme wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,700 hadi Shaba, ambao ulimalizika tu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Na tayari Novemba 1973 serikali ilikuwa imetangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitapewa Wazaire. Waliopewa wengi wao walikuwa watu wa karibu na utawala. Wengi waliuza bidhaa zilizokuwamo, wakala fedha, na maduka yakabaki rafu tupu. Mtu aliyepewa asichokijenga, naye hajui kama kesho atanyang'anywa, ataweka akiba kwa ajili gani?

Kabla mwaka 1974 haujaisha bei ya shaba ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu. Agosti 1975 vita vya Angola vikafunga reli ya Benguela, iliyopeleka madini yetu baharini. Mwaka 1976 Zaire ilikwenda mbele ya wakopeshaji wa Klabu ya Paris kuomba muda wa kulipa, na ikarudi huko mara nyingi. Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa lilimtuma Mjerumani Erwin Blumenthal kuisimamia Benki Kuu. Akaondoka mwaka uliofuata, na katika taarifa yake ya 1982 akaeleza wazi jinsi fedha za umma zilivyochukuliwa na wakubwa, na kwamba wakopeshaji wasitumaini kulipwa. Wakopeshaji waliisoma, na bado wakaendelea kukopesha, kwani katika vita baridi ya wakati ule Zaire ilihesabiwa kuwa rafiki. Lawama ya hapo tuigawe kwa haki. Si yetu peke yetu.

Botswana nayo ilipata mwaka wake wa 1974. Ulikuja mwishoni mwa 1981, almasi zilipokosa soko, na kwa miezi kadhaa nchi haikuuza hata moja. Serikali ilifanya nini? Ilisimamisha nyongeza za mishahara, ikapunguza thamani ya pula kidogo, ikaahirisha baadhi ya miradi, na ikatumia akiba iliyokuwa imeanza kuiweka. Mwaka 1982 mgodi wa Jwaneng ulifunguliwa, ulio miongoni mwa migodi yenye almasi za thamani kubwa kabisa duniani, na mapato yakarudi kwa wingi. Kilichonishangaza niliposoma habari hizi ni kwamba mapato yaliporudi, matumizi hayakuyafuata mbio. Mtu wa kutajwa hapa ni Quett Masire, aliyesimamia fedha na mipango kwa miaka mingi kabla ya kuwa rais mwaka 1980. Nchi ilijiwekea desturi ya kuwa na mpango wa maendeleo uliopitishwa na bunge, na fedha za umma hazikuweza kutumika kwa mradi usiokuwamo katika mpango huo. Fedha ya ziada haikupata mlango wa kutokea, basi ikabaki. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 na kwa miaka mingi iliyofuata, akiba ya Botswana ilikuwa theluthi moja ya pato lake au zaidi. Katika miaka ya 1990 fedha za kigeni ilizoziweka zilitosha kununua bidhaa za nje kwa muda wa takriban miaka miwili. Ndipo ilipoanzisha Mfuko wa Pula, ili sehemu ya almasi iliyogeuzwa fedha ibaki kwa watakaokuja baada ya almasi kwisha. Ikajiwekea pia kanuni kwamba mapato ya madini yatumike kwa vitu vinavyodumu, ikihesabu shule na afya miongoni mwake, na matumizi ya kawaida yalipwe kwa mapato mengine.

Kanuni hiyo ina hekima ambayo neno akiba ghafi halionyeshi. Mkulima akivuna mahindi, shamba linabaki. Mwenye mgodi akichimba shaba, shimo ndilo linalobaki. Kwa hiyo nchi ya madini inayokula pato lake lote haikukosa kuweka akiba tu, bali inakula urithi wake pia, hata kama hesabu za mwaka huo zinaonekana sawasawa.

Na sisi wakati huo? Mwishoni mwa Desemba 1979, siku za Noeli, ilitangazwa ghafla kwamba noti za zaire 5 na zaire 10, kubwa kuliko zote, hazina thamani tena. Mipaka ilifungwa, na watu wakapewa siku chache kubadilisha kiasi chenye kikomo. Wazazi wenu au babu zenu watawasimulia. Mwenye uhusiano mzuri mjini alibadilisha magunia. Mkulima wa kijijini, aliyeuza kahawa yake na kuficha fedha chini ya kitanda kwa sababu benki ilikuwa safari ya siku mbili, alibaki na karatasi. Yule alikuwa mtu wa kuweka, naye aliadhibiwa kwa kuweka.

Yaliyofuata yalikuwa marefu. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilikamuliwa faida bila kurudishiwa mashine. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kufikia 1994 uzalishaji haukufika tani 50,000. Uchakavu ule ambao akiba ghafi hauutoi ulijitoa wenyewe. Mwaka 1991 michezo ya fedha ya Kinshasa, maarufu zaidi ule wa Bindo, iliyoahidi kuzidisha fedha za watu kwa muda mfupi, ilivunjika na akiba za wengi. Septemba ule ule askari wakapora miji. Januari 1993 wakapora tena, baada ya kulipwa kwa noti za zaire milioni 5 ambazo wafanyabiashara walizikataa. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulizidi asilimia 9,000. Sisi walimu wa wakati huo tulipopokea mshahara tulikimbia sokoni siku ile ile, kwani kesho yake ungekuwa nusu.

Fanyeni hesabu hii katika kikundi chenu. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 faranga moja ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Hivi, ili kupata faranga moja ya 1998, ilihitajika zaire bilioni 300 za mwaka 1967, na kila moja ya hizo ilikuwa dola mbili ilipozaliwa. Karibu na mwaka 2000, katikati ya vita, akiba ya Kongo ilikuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya pato, na pato lenyewe lilikuwa limekonda.

Je, watu wa Kongo waliacha kuweka? La. Waliacha kuweka fedha. Waliweka matofali yaliyopangwa nyuma ya nyumba, bati moja moja, mbuzi, ng'ombe wa Kivu na Ituri, na baadaye dola. Likelemba za akina mama hazikukoma hata katika miaka mibaya kabisa, na ukiitazama likelemba vizuri utaona ilivyolingana na nyakati zile: wote wanachanga, mmoja anabeba siku ile ile, fedha hailali hata usiku mmoja. Ni akiba iliyoundwa kwa ajili ya sarafu inayokufa. Lakini akiba ya namna hiyo ina mpaka wake. Rundo la matofali la jirani haliwezi kukopeshwa fundi anayetaka kununua mashine. Katika nchi ya watu wanaojinyima kila siku, taifa linabaki bila akiba.

Haki inatudai tuseme pia ambayo Botswana haikuyafanya bali iliyapata. Almasi za Orapa na Jwaneng zimo ndani ya mwamba. Huchimbwa kwa mashine kubwa, na mgodi unaweza kuzungushiwa ua. Sehemu kubwa ya almasi za Kasai imo katika mchanga wa mito, na mtu mwenye koleo anaifikia. Serikali iliporuhusu uchimbaji wa watu binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuna ua ambao ungeweza kuzihesabu. Wao walikuwa wapatao milioni moja wakati sisi tulikuwa milioni thelathini. Wala hawakupata vita kama vyetu vya 1996 hadi 2003.

Tena akiba ile ni ya serikali zaidi kuliko ya watu. Botswana ni moja ya nchi zenye pengo kubwa kabisa kati ya tajiri na maskini, na vijana wengi wa Gaborone hawana kazi. UKIMWI ulipowashambulia, akiba ilionyesha faida yake: tangu 2002 serikali ilianza kuwapa wagonjwa dawa bila malipo, ikitangulia nchi nyingine za Afrika. Lakini ghala halikujaa milele. Katika miaka ya karibuni matumizi yamezidi mapato, almasi zinazotengenezwa viwandani zimeshusha bei ya zile za ardhini, na Mfuko wa Pula umepungua sana. Oktoba 2024 wapiga kura walikiondoa chama kilichotawala tangu uhuru, baada ya miaka 58.

Nasi tunayo sasa sheria inayofanana na wazo la Mfuko wa Pula. Sheria ya madini iliyorekebishwa na kutiwa sahihi tarehe 9 Machi 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: nusu kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa mamlaka ya mahali madini yanapochimbwa, na asilimia 10 kwa mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo. Tangu hapo nchi yetu imekuwa ya kwanza duniani kwa kobalti na miongoni mwa za kwanza kwa shaba, ikizidi kwa mbali tani zile za Gécamines za miaka ya 1980. Mtoto aliyezaliwa wiki ile sheria ilipotiwa sahihi yuko shule ya msingi sasa.